Mjadala: Mtafiti wa tiba apandishwe cheo kwa idadi ya kunukuliwa?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba. Mtafiti wa tiba akiomba cheo au fedha za utafiti, kamati nyingi hukimbilia namba mbili: ana makala ngapi, na zimenukuliwa mara ngapi, yaani zimetajwa katika makala za watafiti wengine. Msimamo wangu ni kwamba namba hizo zisiamue. Kamati isome kazi yenyewe, hata kama ni makala tano tu alizozichagua mwombaji.

Chukueni kipimo cha h, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Sasa tuwaweke watu wawili mezani. Wa kwanza ana makala tano, zimenukuliwa mara 900, 400, 60, 7 na 3. Wa pili ana makala 20, kila moja mara 20 kamili. Wa kwanza jumla yake ni 1,370, wa pili ni 400. Lakini h ya wa kwanza ni 4, ya wa pili ni 20! Aliyeandika kazi iliyonukuliwa mara 900 anaonekana mwanagenzi.

Na kunukuliwa si kusifiwa. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 katika The Lancet, iliyoihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji kwa kuangalia watoto 12, iliondolewa na jarida hilo mwaka 2010. Imenukuliwa zaidi ya mara elfu moja, na wengi waliikosoa. Hesabu haitofautishi. Kila aliyeikanusha alimwongezea mwandishi wake alama.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, nimekusoma, lakini ukiondoa namba nani anaamua? Watu watano ndani ya chumba kilichofungwa. Mmoja alimsimamia mwombaji shahada, mwingine alishakosana naye. Hizo makala tano hawatazisoma, watauliza huyu ni mtu wa nani. Namba ina kasoro zake, ila haina kinyongo wala haijui ukoo. Kijana asiye na mtu huko juu, utetezi wake ni kwamba kazi yake imetajwa na watu wasiomjua, katika nchi ambazo hajawahi kufika. Hata hicho mnataka kumnyang'anya?

Mchangiaji wa pili:
Mimi niko upande wa magonjwa adimu. Tunaoyaandikia tuko wachache dunia nzima, sasa nani atatunukuu? Mwenzangu wa saratani ya matiti akitoa makala ya kawaida tu, ananipita kabla mwaka haujaisha. Kutulinganisha kwa namba ileile ni kunionea. Na kuna majaribio makubwa ya dawa yenye waandishi mamia, kila mmoja anahesabiwa nukuu zote kana kwamba aliandika peke yake.

Mleta mada:
Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja ya upendeleo ni nzito na siipuuzi. Ila namba nazo zina mlango wa nyuma. Mtu anajinukuu mwenyewe, marafiki wananukuana kwa zamu, mhakiki, yaani mtafiti anayeikagua makala kabla haijachapishwa, anamshinikiza mwandishi amtaje ndipo makala ipite. Halafu kuna Joachim Boldt, daktari wa usingizi wa Ujerumani. Alikuwa na orodha ndefu mno ya makala, nyingi zikihusu maji ya dripu kwa wagonjwa, na madaktari walizitegemea. Zaidi ya 180 zimeondolewa na majarida. Kwa kuhesabu tu, angepita kamati yoyote. Hapa tunazungumzia watu waliolala kitandani na sindano mkononi.

Upande wa pili yuko Tu Youyou wa China, asiye na shahada ya uzamivu, aliyeongoza kazi iliyotupatia artemisinini ya kutibu malaria. Taarifa ya ugunduzi huo ilichapishwa mwaka 1977 bila jina la mtafiti yeyote, kwa hiyo isingempa nukuu hata moja. Nobeli aliipata mwaka 2015.

Mchangiaji wa tatu:
Azimio la San Francisco, lililoanzia kwenye mkutano wa mwaka 2012, linapinga kumpima mtafiti kwa alama ya jarida alilochapisha, yaani makala za jarida hilo hunukuliwa kwa wastani mara ngapi, na taasisi nyingi zimelitia saini. Saini peke yake haisomi makala. Mimi napendekeza wasomaji watoke nje ya taasisi, na kila atakayekataliwa apewe sababu kwa maandishi.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwenye sababu za maandishi nipo nanyi kabisa, kwa sababu mtu anaweza kuzikatia rufaa. Lakini waombaji wakiwa 60, makala tano tano ni 300. Nani ana muda huo, na nani atamlipa? Mpaka mnijibu hilo, namba zibaki kwenye faili, pembeni ya maoni ya wasomaji, ili msomaji akimkandamiza mtu pawepo cha kumuumbua.