Bilioni 500 za nyuklia Siaya: zikizidi, nani atalipa?

Wadau, nimekasirika na sifichi. Juzi tuliketishwa hapa Bondo tangu saa tatu asubuhi tukielezwa habari za kituo cha nyuklia, mradi ambao watu wa Uyombo kule Kilifi waliupinga na sasa unaletwa ufuoni mwa ziwa letu. Megawati 1,000, shilingi bilioni 500. Tukaahidiwa lami, ajira, vijana kusomeshwa. Nikainua mkono nikauliza: hizo pesa zinakopwa kwa nani, kwa riba gani, na ujenzi ukichelewa nani anabeba? Nikajibiwa, "Mama, hayo waachie wataalamu." Kipaza sauti kikapelekwa kwa mwingine.

Mimi nina kisiagi. Nilichukua mkopo wa sacco ninunue mota ya stima niachane na dizeli. Mota ilifika, stima haikufika. Niliahidiwa nguzo na waya ndani ya miezi mitatu, nikangoja kumi na minne. Mota imefungwa gunia pembeni ya mizani, sijasaga hata gorogoro moja, na kila mwisho wa mwezi sacco inakata. Nilipoanza kusaga, deni lilikuwa limeshakula faida ya mwaka mzima. Kwa hiyo nisiambiwe suala la riba ni la wataalamu. Kituo cha nyuklia ni mota yangu hiyo hiyo, ila gunia lake ni la mabilioni: unakopa leo, unajenga miaka kumi au zaidi bila kuuza yuniti hata moja, na riba inazaa riba.

Tena tusidanganyane kwamba wenye uzoefu hawachelewi. Ufaransa, nchi inayopata stima yake nyingi kutoka kwa nyuklia, ilianza kujenga mtambo wa nyuklia wa Flamanville 3 mwaka 2007 kwa bajeti ya yuro bilioni 3.3. Iliunganishwa na gridi Desemba 2024, na gharama ilishafika bilioni 13.2. Hinkley Point C ya Uingereza ilipitishwa 2016 kwa pauni bilioni 18. Hesabu ya 2024 ikasema 31 hadi 35, kwa bei za 2015! Kule Georgia, Marekani, mitambo miwili mipya ya Vogtle, kama megawati 2,200, imemeza zaidi ya dola bilioni 30. Piga hesabu kwa shilingi 129 kwa dola: kila megawati 1,000 ni zaidi ya trilioni 1.7. Sisi tunaambiwa bilioni 500. Tutapunguza wapi? Kwenye saruji? Kwenye usalama?

Linaloniuma zaidi ni South Carolina, huko huko Marekani. Mitambo miwili mipya ya kituo cha nyuklia cha V.C. Summer ilitelekezwa 2017 baada ya kama dola bilioni 9 kuzama. Haikuzalisha stima hata ya kuwasha balbu, lakini wateja walikuwa wanatozwa kwenye bili zao tangu ujenzi ukiendelea, na wakaendelea kutozwa. Hapa kwetu bili ni tokeni. Ukinunua, angalia ujumbe wa simu: gharama ya mafuta, ushuru, makato juu ya makato, yuniti zenyewe kiduchu. Mstari mwingine ukiongezwa pale, nitapandisha bei ya kusaga, na mama anayeleta mahindi kilo mbili atarudi nayo nyumbani.

Msinisome vibaya. Stima naihitaji kuliko wengi wenu, na sina ugomvi na nyuklia yenyewe. Lakini tuna mvuke wa ardhini wa kuzalisha stima kule Olkaria na Menengai ambao unachimbwa kisima kwa kisima. Kisima kikikosa mvuke hasara ni ya kisima hicho, si ya nchi nzima.

Mwenye rasimu ya mpango wa fedha aiweke hapa: mkopeshaji, riba, dhamana ya serikali, na kipengele cha gharama zikizidi. Alhamisi kuna kikao kingine. Nitakaa kiti cha mbele, na swali ni lile lile.