Mijakaranda ya Pretoria: Gumzo la Kikundi cha Familia

Neema: Shikamoo Babu, shikamoo Shangazi, shikamoo Baba Mdogo. Ofisi imethibitisha kwamba wiki ya tatu ya Oktoba nitakuwa Pretoria, na kwa kuwa mkutano unamalizika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili zitakuwa zangu. Ninataka kupiga picha za mijakaranda pamoja na majengo mashuhuri ya mji huo, ila sijui nianzie wapi wala saa ngapi. Idi ameniazima kamera yake.

Shangazi Rehema: Marahaba, mwanangu. Umeangukia wakati wenyewe. Mijakaranda ya Pretoria huanza kuchanua mwishoni mwa Septemba, hukolea Oktoba, na Novemba maua hupukutika yakayapisha majani. Mti ule hutoa maua kabla majani mapya hayajajaa, ndiyo maana ukisimama mwanzo wa mtaa huoni kijani, unaona zambarau tupu juu na nyingine imetandazwa barabarani.

Babu: Marahaba, mjukuu wangu. Mimi sina habari ya maua. Ninachotaka ni picha yako mbele ya Union Buildings, jengo la ofisi za Rais, pale Mandela alipoapishwa kuwa Rais tarehe 10 Mei 1994. Siku ile hapa nyumbani hapakufanyika kazi yoyote, sote tulikuwa tumeizunguka redio.

Neema: Utaipata, Babu. Nilikuwa nimepanga kwenda hapo saa sita mchana, nikishapata usingizi wa kutosha.

Baba Mdogo Salim: Saa sita mchana hapana, Neema. Jengo lile liko juu ya kilima cha Meintjieskop na limeelekea kusini, upande wa mjini. Pretoria iko kusini ya Tropiki ya Kaprikoni, kwa hiyo adhuhuri ya Oktoba jua huwa upande wa kaskazini, yaani nyuma ya jengo na karibu na utosi. Uso wa jengo utakosa mwanga wa maana, na sanamu ya Mandela, ambayo nayo inautazama mji, itakuwa na kivuli machoni. Asubuhi mambo ni tofauti kabisa. Mwezi huo jua huchomoza mnamo saa kumi na moja na nusu alfajiri, likiwa limeegemea kidogo kusini mwa mashariki, na mwanga wake hupita ubavuni mwa jengo ukazichora nguzo moja moja. Fika mapema, kwa sababu kadiri saa zinavyosonga jua linazidi kuhamia kaskazini na nafasi hiyo inapotea. Jioni mwanga huo hurudi kutoka upande wa magharibi, mawingu yakiruhusu.

Shangazi Rehema: Mawingu ya Oktoba hayaruhusu kila siku. Alasiri nyingi hupiga radi na mvua kali, wakati mwingine ya mawe. Usiichukie mvua hiyo, kwa maana asubuhi inayofuata magome huwa yamekolea weusi na maua yaliyoanguka yamefunika njia nzima. Wahi tu kabla magari hayajayaponda.

Neema: Na je, mijakaranda yenyewe iko palepale Union Buildings, au ni mpaka niende mtaani?

Shangazi Rehema: Nenda mtaani. Kilimani kuna nyasi na bustani zilizopandwa kwa matuta, lakini ukitaka kutembea chini ya mijakaranda, pita Arcadia iliyo chini ya kilima, kisha Brooklyn na Groenkloof. Hapo Groenkloof, katika barabara iitwayo Herbert Baker, ipo mijakaranda inayotoa maua meupe. Wageni wengi huikosa kwa sababu wanachotafuta ni zambarau tu.

Idi: Herbert Baker si ndiye msanifu wa Union Buildings?

Babu: Ndiye. Jengo lilianza kujengwa mwaka 1910 na kukamilika 1913. Lina mbawa mbili zilizounganishwa na safu ya nguzo iliyopinda nusu duara, na wenyeji huambiwa mbawa hizo ni Waingereza na Waafrikana (Makaburu) waliopatanishwa baada ya vita vyao. Mtu mweusi hakuwekewa ubawa. Ndiyo maana, Neema, ninakuomba usiipige picha sanamu ya Mandela peke yake kana kwamba imesimama uwanja mtupu. Ilizinduliwa tarehe 16 Desemba 2013, siku moja baada ya maziko yake, ina urefu wa mita 9, na mikono yake imekunjuliwa mbele ya zile mbawa mbili. Viweke vyote katika picha moja. Na kwenye ngazi za jengo hilohilo, tarehe 9 Agosti 1956, walisimama wanawake wapatao 20,000 kupinga sheria ya pasi, iliyowalazimisha watu weusi kutembea na vitambulisho.

Baba Mdogo Salim: Ninamuunga mkono Mzee, na ninaongeza kwamba ua lililopigwa kwa karibu linaweza kuwa la mji wowote duniani. Mjakaranda si mti wa Afrika, asili yake ni Amerika ya Kusini, na leo umeenea sehemu nyingi. Picha inakuwa ya Pretoria pale ua linapokaa pamoja na kitu ambacho hakipo kwingine. Ukishamaliza kupiga jengo asubuhi, ligeuzie mgongo. Ukiwa juu ya matuta unautazama mji wote upande wa kusini, na jua la saa nne au saa tano litakuwa nyuma yako likiimulika mitaa yenye zambarau. Hali ya hewa ikiwa safi utaliona kwa mbali jengo la Voortrekker Monument, kumbukumbu ya Makaburu waliohamia bara, juu ya kilima chake. Tumia lenzi ya kuvuta ili miti na jengo hilo visogeleane.

Shangazi Rehema: Hapo tunatofautiana, Salim. Wewe unataka kila picha iwe na anwani. Mimi ningempa Neema asubuhi nzima mtaani, aone watoto wakipita juu ya maua yale na wazee wakiyafagia milangoni. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pretoria husema ua likikuangukia kichwani utafaulu mitihani, maana msimu wa maua na msimu wa mitihani hufuatana. Watu kama hao ndio mji wenyewe. Cha muhimu aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, asisimame katikati ya barabara, na asitembee akiwa ameishika kamera wazi mahali pasipo na watu.

Baba Mdogo Salim: Sikatai, Dada. Siku anazo mbili, Jumamosi aende kilimani na Jumapili azunguke mitaani. Lakini rangi, Neema! Zambarau ya mjakaranda iko mpakani mwa buluu, na kamera ikiachiwa ijichagulie yenyewe, kivulini huigeuza buluu kabisa. Chagua mwenyewe mpangilio wa rangi (white balance) wa jua au wa mawingu kulingana na hali utakayoikuta, na upunguze mwangaza kidogo ili petali za juu zisififie. Siku ya mawingu mepesi isikuvunje moyo, kwa kuwa rangi hutulia vizuri kuliko kwenye jua kali.

Idi: Ninayo pia ile droni ndogo. Aende nayo?

Baba Mdogo Salim: Ibaki nyumbani. Sheria za anga za Afrika Kusini zinakataza kurusha droni karibu na watu, majengo na barabara za umma bila idhini, na pale kilimani ni ofisi za Rais. Bustani zimefunguliwa kwa umma, ila mlinzi akimwambia asipige upande fulani, ashushe kamera bila mabishano.

Neema: Nimeelewa. Nimesoma pia kwamba mijakaranda miwili ya kwanza ilipandwa Sunnyside mwaka 1888, na kwamba sasa mti huo umeorodheshwa kuwa mmea vamizi. Je, itakatwa?

Shangazi Rehema: Mjini imeachwa isimame. Kinachozuiwa ni kuieneza, kwa sababu hunywa maji mengi na mbegu zake huota kandokando ya mito. Kwa hiyo usirudi na mbegu mfukoni, hata Babu akikubembeleza.

Babu: Sikuomba mbegu. Nimeomba picha, na iwe ya karatasi.

Neema: Nitaisafisha na kuitia fremu, Babu. Kutoka uwanja wa ndege nitapanda treni ya Gautrain hadi Pretoria.

Shangazi Rehema: Sawa, ila utabadilisha treni kwenye stesheni ya Marlboro. Usipitilize hadi Sandton.

Idi: Chaja ya kamera iko kwenye mfuko wa pembeni, lakini plagi yake haiingii kwenye soketi za kule, ambazo nyingi zina matundu matatu makubwa ya duara. Nunua adapta kabla hujasafiri.

Neema: Ahsante, Idi. Nitapita dukani kesho nikitoka kazini.