Je, ni sawa kuhariri jeni za mtoto ambaye hajazaliwa?

Wadau, tukizungumzia teknolojia na kesho ya binadamu, mazungumzo huishia kwenye roboti na akili mnemba. Mimi naona zito zaidi liko kwenye kiinitete, yaani mtoto akiwa bado kijidudu cha seli chache tu mwanzoni mwa mimba.

Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliowahariri jeni ya CCR5, ambayo VVU huitumia kama mlango wa kuingia kwenye seli, wakiwa viinitete, ili wasiambukizwe VVU. Desemba 2019 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Wapo wanaosema aliwahi tu. Nasema alikosea.

Sipingi teknolojia yenyewe. Nani amekesha na mtoto wa selimundu, akamwona anavyojikunja mifupa ikimuuma, chembe za damu zilizopinda kama mundu zikiziba mishipa midogo, halafu akatae tiba? Mwishoni mwa 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayohariri jeni. Seli za mgonjwa hutolewa, huhaririwa maabara, uboho wake husafishwa kwa dawa kali, ndipo anarudishiwa. Mwili huanza tena kutengeneza himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haipindi chembe. Mgonjwa ameelezwa, amekubali, na badiliko linaishia kwake. (Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2, hilo nalo lina mjadala wake.)

Kwenye kiinitete ni habari nyingine. Badiliko watalirithi watoto, wajukuu na vitukuu, na hakuna aliyeulizwa. Tena nani anajua jeni ipi ni mbaya? Chukua hiyohiyo ya selimundu. Ukiirithi kwa wazazi wote wawili, unaugua. Ukiirithi kwa mmoja, kwa kawaida huugui, na inakukinga na malaria kali. Mababu zetu wangekuwa na mkasi huu wa kuhariri jeni wangeikata wakidhani wanaokoa watoto, kumbe wanawavua ngao. CCR5 nayo ni hivyohivyo: wasio nayo huumizwa zaidi na virusi vya West Nile, vinavyoenezwa na mbu.

Hoja moja ya upande wa pili inaninyima usingizi. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa wa selimundu, kila mtoto wao ataurithi ugonjwa. Huwezi kuwaambia wapime viinitete maabara na kuchagua kisicho na ugonjwa, hakipo. Anayetaka mlango ufunguliwe aanzie hapo. Ila aniambie pia: nani atasimama mlangoni ili waingie hao tu, wasipite na wanaotaka mtoto mrefu au mwenye macho ya rangi fulani?