Uraia wa kuzaliwa: kuzaliwa wapi, au kuzaliwa na nani?

KarafuuKavu: Wenye sheria njooni. Mtoto kazaliwa Kigoma, wazazi wote wageni. Sheria ya Uraia ya 1995, kifungu cha 5, inasema aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu Siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia. Huyu ni raia au siyo?

Nundu: Siyo. Lazima mzazi mmoja awe Mtanzania, Uhamiaji ndivyo wanavyoeleza. Nchi si daladala, kila anayedandia awe abiria.

KifunguKidogo: Mkuu, nionyeshe mstari. Kifungu kidogo cha 2 kinawatoa watoto wa aina mbili tu: ambaye wazazi wote si raia na baba ana kinga ya kibalozi, na ambaye mzazi ni adui na kazaliwa eneo lililoshikwa na adui. Kama mzazi raia ni sharti, mtoto wa balozi ametajwa wa nini? Angekuwa nje tayari.

Nundu: "Nionyeshe mstari", unadhani wengine hatujui kusoma? Nenda kaombe pasipoti na huo mstari wako.

BintiLamu: Poleni majirani. Katiba yetu, ibara ya 14: baba au mama akiwa Mkenya siku unayozaliwa, wewe ni raia wa kuzaliwa, hata ukizaliwa Muscat. Nyie endeleeni na tajnisi yenu, huko kumpa mgeni uraia, jina kama ugonjwa wa ngozi.

Nundu: Tajnisi ni Kiswahili cha watu. Nyie "mnasajiliwa" kama laini za simu!

BintiLamu: Kiswahili cha watu kutoka Uarabuni?

Mzizi: Asili yake Kiarabu, kweli. Uraia kwao ni *jinsiya*. Tajnisi ni kumpa mtu jinsiya. Sisi tukaichukua jinsia tukaipeleka kwingine kabisa. Na "raia" nalo limetoka huko huko, dada, kwa hiyo tulia.

Nundu: Mwambie!

Chale: Acheni kamusi. Tajnisi ni miaka 10 mfululizo, basi.

KifunguKidogo: Hapana. Jedwali la Pili: miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba ukae nchini bila kukatika. Kisha unarudi nyuma miaka 10 *kabla* ya hiyo miezi 12, humo vipindi vyako vya kukaa vifike jumla ya miaka 7. Ukiihesabu miezi 12 ndani ya ile 10, hesabu imeharibika. Ongeza Kiswahili au Kiingereza, tabia njema, na bado Waziri anaweza kukataa.

BintiLamu: Na mume mgeni wa Mtanzania?

KifunguKidogo: Kifungu cha 11 kinamtaja *mwanamke* aliyeolewa na raia. Mwanamume apite njia hiyo ndefu.

BintiLamu: Kumbe! Huku mke au mume, ndoa ikifika miaka 7 ana haki ya kuomba asajiliwe. Afadhali laini ya simu.

Nundu: Ili waje kuoa uraia? Hapana, asante.

Chale: Na wanawake wao hawaji kuolewa na uraia?

Nundu: Wewe uliyesema miaka 10 mfululizo unyamaze kwanza.

KarafuuKavu: Jamani, mtoto wa Kigoma?

Mzizi: Kwa maandishi ya sheria, raia. Dirishani, ataulizwa cheti cha mzazi.

Nundu: Na bado sijaombwa radhi kuhusu ugonjwa wa ngozi.