Naomba ushauri: kamera ya mkanda aliyoniachia marehemu baba

Wakuu, habari za leo. Marehemu baba alikuwa mpiga picha Tanga, harusi na picha za pasipoti. Ameniachia Pentax K1000 yake, kamera ya mkanda wa filamu. Ukibonyeza inalia mlio uleule niliousikia nikiwa mtoto. Betri ni ya kipima mwanga tu, hata ikiisha unapiga. Tatizo ni lenzi: ukiielekeza dirishani unaona ukungu pembeni mwa kioo, nyuzinyuzi kama utando wa buibui. Unyevu wa pwani huo.

Nilidhani mikanda ilikufa pale Kodak, watengenezaji wa mikanda, walipoomba kinga ya kufilisika mwaka 2012. Kumbe bado inatengenezwa, na mwaka 2024 Pentax wametoa kamera mpya ya mkanda, Pentax 17. Nimepata moyo sana. Lakini studio zote nilizouliza hapa hazisafishi tena mikanda.

Naombeni msaada. Nani anamjua fundi wa kuutoa huo ukungu bila kukwaruza kioo? Na kuna aliyewahi kusafisha mkanda wa nyeusi na nyeupe nyumbani? Maelekezo yanataka dawa iwe nyuzi 20, maji ya bomba langu ni ya moto kuliko hapo. Dawa mlipata wapi?

Mkanda ni picha 36 tu. Ya kwanza nataka iwe ya mama.