Zana ya kubadilisha faili za Intel HEX inaongeza baiti kwenye Windows

Swali
Ndugu wataalamu, nimeandika kwa lugha ya C zana ndogo isiyofika mistari 200, ambayo husoma faili ya Intel HEX (programu iliyoandikwa kama maandishi ya tarakimu za heksadesimali) na kutoa faili ya binari iliyo tayari kupakiwa kwenye mikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja). Kwangu, kwenye Linux, inafanya kazi vizuri. Nilipowapa wenzangu wanaotumia Windows, faili iliyokuwa na baiti 4,096 kwangu ilitoka na baiti 4,113 kwao, na bodi haikuwaka. Nimepitia hesabu za anwani mara tatu bila kuona kosa. Natamani zana hii imfae kila mtu. Nirekebishe wapi, na niigawe kwa namna gani?

Jibu la kwanza
Usiguse hesabu za anwani kwanza. Hesabu baiti zenye thamani ya 0A (alama ya mstari mpya, kwa heksadesimali) katika faili iliyotoka salama. Nadhani utakuta 17. Ukifungua faili kwa fopen (amri ya C ya kufungua faili) na "w" (kuandika), Windows huichukulia kuwa ya maandishi, kwa hiyo kila 0A unayoiandika hutanguliziwa 0D, ambayo ndiyo desturi yake ya kumaliza mstari. Barua haidhuriki kwa hilo, ila katika programu ya mikrokontrola kila amri inayofuata husogea kutoka kwenye anwani yake. Andika "wb", b ikiwa ni ya binari. Kwenye Linux hiyo b haibadilishi chochote, ndiyo maana kosa lilijificha kwako.

Muulizaji
Nimehesabu: ni 17 kamili. Nashukuru sana.

Jibu la pili
Kuna mtego wa pili upande wa kusoma: katika hali hiyo hiyo ya maandishi, Windows ikikutana na baiti 1A huona faili imekwisha, hivyo zana itakayohakiki faili yako ya binari lazima itumie "rb". Ambatanisha pia faili ya majaribio. Mstari huu mmoja unabeba baiti zote tatu zenye matata:

:030000000A0D1ACC

Baada ya nukta mbili kuna idadi ya baiti (03), anwani (0000), aina (00), kisha data yenyewe. CC ya mwisho ni ya ukaguzi, na ukijumlisha baiti zote pamoja nayo unapata 256. Matokeo sahihi ni faili ya baiti tatu tu, kwenye mfumo wowote.

Jibu la tatu
Kuhusu kugawa, toa msimbo chanzo pamoja na leseni iliyo wazi, kama MIT, kwa sababu msimbo usio na leseni haumpi mwenzako haki ya kuutumia hata ukiwa hadharani. Na ukija kuongeza upakiaji, usiandike /dev/ttyUSB0 (jina la mlango wa bodi kwenye Linux) ndani ya msimbo. Mwenye Windows ana COM3, basi mwache mtumiaji ataje mlango wake mwenyewe.

Muulizaji
Nimebadilisha "w" kuwa "wb", nikaongeza mstari wa majaribio na leseni ya MIT. Mwenzangu amekompaili upya kwenye Windows, akapata baiti 4,096, na bodi yake imewaka.