Naomba ushauri: nimechoka na kesi za viwanja, nataka niwe wakili wa dili za PE na VC (mifuko inayoweka hela kwenye kampuni na kuchukua hisa), niko Mwanza

Wakili_Malimbe:
Wakuu habari za jioni. Nimesoma sheria SAUT, nikaenda Law School Dar, nikaapishwa, nikarudi Mwanza, huu mwaka wa tatu. Kazi zangu viwanja vya Buswelu, mirathi, dhamana, siku nyingine nashinda mahakamani kesi inaahirishwa narudi mikono mitupu.

Sasa mwezi uliopita kuna kaka anafuga sato kwenye vizimba huku Ilemela kaniletea mkataba wa wanahisa kurasa 62, kuna mfuko wa nje unataka kuingia kwenye kampuni yake. Nilikesha nao. Kipengele kimoja nimekisoma mara sita ndo nikaelewa: wanaweka bilioni 2 wanachukua asilimia 40, ila kampuni ikiuzwa wanachagua wenyewe, warudishiwe hela yao kwanza au wachukue asilimia 40 yao. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha, ikiuzwa bilioni 3 wao wanaondoka na 2, yeye na asilimia 60 zake anabaki na 1 wakati kichwani anajua ana 1.8. Nilipomwonyesha alikaa kimya muda mrefu sana. Tangu siku hiyo hii kazi imeniingia damuni. Nina mke na mtoto, niende Dar nikaanze chini ofisi kubwa, nikasome masters, au nibaki?

Dada_wa_Posta:
Mdogo wangu, hiyo bahasha yako ndo kazi yenyewe. Nina miaka 8 kwenye kazi hii, watu wanadhani ni kukaa mezani na wawekezaji kumbe muda mwingi uko kwenye mafaili unakagua kampuni: hisa zinasomekaje BRELA, kule kampuni zinakosajiliwa, TRA wanadai nini, leseni ya nani. Na kodi usiiache kwa mhasibu peke yake, soma kifungu cha 56 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004, umiliki ukibadilika zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka 3 kampuni inaweza kutozwa kodi kama vile imeuza mali zake, nimeona dili zinakwama hapo watu wameshapeana mikono. Masters isubiri. Njoo Dar hata miaka miwili ukae chini ya mtu anayezifanya.

Mzee wa Kirumba:
Dar aende na familia ale nini kwa mshahara wa kuanzia? Wawekezaji wana mawakili wao tayari, anayekosa wakili ni huyu wa kwetu mwenye vizimba, mwenye kiwanda cha minofu, mwenye jineri ya pamba. Anasaini kwa sababu ameona bilioni. Baki.

hesabu_kwanza:
Popote utakapokaa jifunze kusoma mizania (ile hesabu ya mali na madeni ya kampuni) wakili, mimi ni mhasibu na mara nyingi nakuta mwanasheria kaandika bei ya hisa bila kuuliza deni la benki linakaa wapi.

Dada_wa_Posta:
Mzee wa Kirumba umesema kweli, ila ajifunze kwanza asijifunzie kwa mteja. Mdogo wangu, kibali cha maji cha hivyo vizimba umekiona? Na cheti cha mazingira cha NEMC?

Wakili_Malimbe:
Dada nimetoka kuongea naye sasa hivi. Vyote viko kwa jina lake yeye, sio la kampuni ambayo mfuko unataka kuingia. Kesho asubuhi tunaenda Bodi ya Maji wote wawili, mkataba hasaini mpaka hilo likae sawa. Nakucheki inbox kuhusu Dar.